Mnalilia Mikahawa, Makasha Mmeyauza



Tangu mfungo mosi uingie sijapumua kwa magauni, lakini usiku nikifungua simu nakuta picha zile zile. Mnazijua. Mkahawa wa zamani wa mjini, feni la dari, meza za marumaru, vikombe vidogo vya kahawa, wazee wamevaa kanzu na kofia za viua, mwanga unaingia ubavuni kwenye dirisha la vioo vya rangi. Chini yake mtu kaandika "mji wetu umekwenda wapi", na watu wanalia. Wiki iliyopita biharusi wangu mmoja kanitumia picha ya namna hiyo, akaniambia, "Dada, nataka harusi yangu iwe na hisia hii." Nikamuuliza, hisia ya nini? Akasema, "Ya zamani tu."

Mie sikulia na sitolia. Nitasema kwa nini, na anayetaka kununa anune, tutapatana baadae.

Zitazameni tena picha hizo mnioneshe mwanamke. Mmoja tu. Hayumo. Hoteli za chai na baraza za kahawa zilikuwa viti vya wanaume, sisemi kwa ubaya, ndivyo maisha yalivyopangwa. Na zile nyengine za ukumbi wa Shangani unaotazama bahari, jengo tunaloliita Africa House, ile ilikuwa klabu ya Waingereza. Pale hata babu yako hakwenda kustarehe. Kama aliingia, aliingia kabeba sinia. Sasa nyie mnatamani nini khasa?

Bibi yangu kazaliwa Mji Mkongwe, kaolewa humo, kazaa humo, na sidhani kama aliwahi hata siku moja kukaa kwenye kiti cha mkahawa. Kahawa lakini alikunywa kila siku baada ya alaasiri. Alitutuma sie wajukuu na birika, muuza kahawa anatutilia kutoka kwenye dele lake, tunarudi mbio isipoe, na kashata nusu zimeshaliwa njiani. Akiinywea wapi? Juu, kwenye mkeka, pembeni mwa dirisha. Yeye anaiona njia nzima, njia haimuoni. Akijua nani kapita, nani kanunua samaki gani, mtoto wa nani hakwenda chuoni. Huo ndio mji wetu sie wanawake. Ulikuwa ndani.

Na kinachonikera ni kwamba baraza la wanaume halijafa! Nendeni Jaws Corner jioni yoyote. Kahawa ipo, dhumna ipo, ugomvi wa siasa na mpira upo. Halikufa kwa sababu wenyewe hawajaacha kulikalia. Jua linatua, wapo. Mwenye kufariki kafariki, mwanawe kakaa pale pale alipokaa baba yake. Kilichokufa ni upande wetu, na umekufa kimya kimya, kwa sababu kifo cha chumba cha ndani hakina mpita njia wa kukipiga picha. Mlango wa nakshi ukitolewa, watu watapiga kelele, maana uko njiani na kila mgeni anausimamia. Kidaka kikizibwa saruji, anayejua ni yule aliyekuwa akikipangusa vumbi.

Nyie wadogo hamkuviona vyumba hivyo, basi nisikilizeni.

Upana wa chumba cha nyumba ya kale haukuamuliwa na tajiri. Uliamuliwa na mkoko. Boriti ya mkoko hufika kama mita tatu hivi, haiwezi kubeba dari pana zaidi ya hapo, kwa hiyo vyumba vikajengwa vyembamba na virefu, kuta nene za mawe na chokaa, dari iko juu sana na hewa inapita. Mchana wa kaskazi ukiingia humo unahisi umetiwa maji ya mtungi. Ukutani kuna vidaka, na ndani ya vidaka kuna mabakuli na sahani za Kichina, mirashi, saa, vitu ambavyo mtoto akivigusa anaitwa kwa majina yake matatu. Kuna samadari, kitanda cha nguzo zilizochongwa, kirefu mpaka bibi anapandia kwenye kigoda. Kuna kasha la njumu, na ukilifungua inakuja harufu ya udi na asumini kavu na nguo zisizovaliwa ila Sikukuu. Chini ya kasha, kwa siri, kuna vijaluba vya dhahabu za mwanamke, mali yake mwenyewe ambayo mume haiombi.

Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, kazaliwa Mtoni mwaka 1844. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, yeye yuko ugenini, mjane, na baridi ya Ujerumani. Mambo anayoyakumbuka ndiyo haya: kuta zilizogawanywa kwa vidaka, vyombo vya kauri, vioo, saa. Mwanamke aliyepoteza kila kitu moyo wake ulirudi chumbani. Mie nadhani hapo kuna somo kubwa kuliko picha zote za mikahawa.

Na nyumba hizi zilijengwa kwa sitara. Sebule iko chini, mgeni mwanamme anaishia hapo, haoni juu. Ngazi inapinda. Baadhi ya nyumba zilikuwa na wikio, kile kidaraja cha juu cha kuvukia njia, mwanamke anatoka kwake anaingia kwa jirani bila ya mguu kugusa chini. Hata Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilikuwa na njia za juu za kuiunganisha na majumba ya jirani, ili wanawake wa kifalme wapite bila kuonekana.

Sasa mpigieni hesabu biharusi ndani ya nyumba hiyo. Anakaa ndani siku zake, anasingwa, anafukizwa, anapakwa hina na wanaojua. Somo yake anamwambia yale ambayo mama hawezi kumwambia. Siku ya kutolewa anakaa juu ya samadari na ukumbi mzima ni wanawake watupu, nywele wazi, dhahabu wazi, kiuno kinachezwa, na hakuna jicho la haramu hata moja. Uzuri ulikuwepo, sitara ikawepo, vyote viwili chini ya dari moja. Nyie leo mnalazimishwa kuchagua.

Vimekwenda vipi? Nyengine tunazijua. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba nyingi zikataifishwa, wakatiwa watu chumba kwa chumba. Familia tano ngazi moja, na chokaa haimhusu mtu. Baadae ukaja utalii, na kila ukuta ukaanza kuwa na bei. Serikali iliunda Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985, UNESCO wakautia kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Na bado tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka huku matengenezo yakiendelea, watu wawili wakafa, Allah awarehemu. Siku ile mji mzima ulilia. Niliona watu wanalia ambao nyumba za bibi zao wenyewe wamezipiga jipsamu dari nzima ili boriti zisionekane.

Maana jamani, si kila kitu kimechukuliwa na serikali na wazungu. Nyengine tumeuza sie, kwa mikono yetu hii yenye hina.

Naanza na mie, ili msiseme namsuta mtu.

Bibi alipofariki nilikuwa na miaka 23. Nimemaliza kidato cha nne, nimemaliza kozi ya ushoni, nashona kwa cherehani ya kuazima ya jirani, ya kukanyaga. Warithi walikuwa 11. Nyumba ikauzwa, mirathi ikagawiwa kisheria na kila mtu akapata haki yake, hilo silalamikii. Kasha la bibi likamwangukia mama, mama akanipa mie, kwa sababu mie ndiye niliyekuwa nikilala nalo chumba kimoja. Halikupita miezi miwili. Akaja mnunuzi wa vitu vya kale, mtu mwenye adabu tu, akakaa, akanywa chai, akalitazama kasha kama mtu anavyotazama mbuzi wa Idi. Akataja laki mbili na nusu. Nikaona ovaloki. Wallahi sikuona kitu chengine, niliona mashine ya ovaloki imekaa pale lilipokaa kasha. Nikachukua pesa, na yeye kabla ya kulibeba akaniambia nitoe vilivyomo. Kulikuwa na kanga mbili, tasbihi, na karatasi iliyofungiwa karafuu.

Duka langu la leo limesimama juu ya kasha lile. Sijuti kuwa na duka. Najuta kwamba hakuna mtu aliyenambia subiri, tutakuchangia. Shangazi zangu watatu walikuwepo siku ile, wana uwezo, na kila mmoja alisema, "Uza mwanangu, linakusanya mende." Miaka miwili baadae mmoja wao kaja kwangu kunionesha seti ya sofa aliyoagiza Dubai, imefungwa nailoni, kachukua mkopo. Sofa lile leo liko uani, kuku wanatagia.

Na si kwetu tu. Nimeingia nyumba ngapi kupima mabiharusi? Nawauliza mama zao, samadari iko wapi? Limeuzwa, limekatwa kuni, limepelekwa shamba linaozea mvua. Viti vya enzi? Kachukua mzungu. Chetezo cha shaba? Kilibadilishwa kwa beseni za plastiki, tena beseni mbili!

Halafu tukishauza, tunakwenda kukodi. Hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Mwaka jana nilimvisha biharusi mmoja, mtoto wa watu wenye dini zao, na yeye alitaka picha za "zamani". Tukaenda kwenye hoteli moja mjini, nyumba ya kale iliyotengenezwa, juu wameweka mkahawa: mito, mazulia, vyetezo, samadari imegeuzwa kochi, na kahawa kikombe kimoja kwa bei ya kilo mbili za unga. Kwa chumba tulitozwa pesa ya saa mbili. Tukaambiwa tumalize kabla wageni hawajapanda kutazama jua. Wageni wakapanda mapema. Wanaume, wamevaa kaptura, simu mkononi. Mie na mama yake tukashika shuka tukamzunguka mtoto kama tunaficha maiti. Mwengine wao akatuomba kwa upole kabisa tuteremshe shuka apate picha moja.

Mama yake wakati huo alikuwa kanyamaza muda mrefu. Nikadhani kakasirika kwa pesa. Akanivuta mkono akanionesha ukuta wa mwisho, kwenye kidaka kilichopangwa chupa. Akasema, "Hapa ndipo tulipomkalisha dada yangu." Dada yake mkubwa, kabla nyumba haijauzwa. Chumba hicho hicho. Mwanawe anafichwa kwa shuka mahali ambapo mama mkubwa wake alikaa kichwa wazi mbele ya wanawake mia.

Na pembeni palikuwa na kasha la njumu. Nakiri, nililifungua. Nilitafuta mkwaruzo ambao ami yangu aliufanya kwa msumari utotoni. Haukuwepo. Lilikuwa kasha la bibi wa mtu mwengine, na ndani yake kulikuwa na mataulo.

Sasa najua mtakayonijibu, nimeshayasikia. Nyumba zile zinavuja. Kweli zinavuja. Chokaa inataka kupakwa, boriti zinaliwa, na fundi anayejua chokaa si rahisi kumpata, anakuja wa saruji anaziba kila kitu, ukuta unashindwa kupumua, maji yanabaki ndani, ukuta unaoza zaidi. Na hoteli wanapandisha vyoo na mabafu mpaka juu, vyumba ambavyo havikujengwa kubeba maji, halafu mtu anashangaa kwa nini nyumba inapasuka. Mtasema pia ngazi zinawatesa wazee. Kweli. Mama yangu anaishi Fuoni nyumba ya chini na goti lake linashukuru.

Na kuna moja ambalo wengi hamsemi, nalisema mie. Vyumba vile vilipanguswa na nani? Kidaka kile, sahani zile za Kichina, maji yale ya kuogea biharusi yaliyopandishwa ngazi nne? Utumwa hapa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1897. Katika wanawake waliokuwa juu wapo waliokaa kwenye mkeka na wapo waliosimama mlangoni wakingoja kuamrishwa, na wengi wetu tukipekua vizuri tunawatoa bibi zetu pande zote mbili. Kwa hiyo mtu akinambia zamani ilikuwa tamu, namuuliza ilikuwa tamu kwa nani. Sitaki kurudi zamani. Sitaki kufungiwa ndani pia; mie nina duka Darajani, nafungua asubuhi nafunga magharibi.

Lakini bibi zetu waliosimama mlangoni nao walikuja wakaozesha binti zao ndani ya vyumba hivyo, baadae, kwa hiari zao, kwa nyimbo zao na hina yao. Hiyo ni mali yao waliyoichuma kwa shida. Na sie tumeibadilisha kwa maua ya plastiki na kitambaa cha nyuma cha kukodi kilichoandikwa majina kwa taa. Ninacho kitambaa hicho, nakikodisha, msinitafute ubaya. Biharusi akikitaka nampa. Lakini nikiulizwa kipi kizuri nasema kweli.

Na mambo ya dini tuyaseme pia, maana humu tunapenda kusema israfu akikosea mwengine. Israfu ni kuuza kitanda kilichodumu miaka mia ununue kitakachodumu minne. Israfu ni kulipia chumba cha saa mbili pesa ambazo zingempaka chokaa shangazi yako chumba chake kizima. Na wakfu, tumeusahau? Nyumba ngapi za mji huu ziliwekwa wakfu, na miongoni mwa walioziweka walikuwemo wanawake, kwa mali zao wenyewe, kwa misikiti, kwa masikini, kwa vizazi vyao wasikose pa kulala. Wale walijua kwamba warithi 11 watauza. Walitujua kabla hatujazaliwa! Leo wanawake tunaomiliki tupo, wenye maduka, wenye nyumba za kupangisha, wenye vikundi vya mchezo vinavyozungusha mamilioni. Sijasikia kikundi hata kimoja kilichosema mwaka huu tununue chumba kimoja mjini, tukitengeneze kwa chokaa, mabiharusi wetu watolewe humo kwa wanawake watupu. Kila mwaka tunakodi ukumbi wenye viyoyozi na viti vya kuvalishwa nguo, na mpiga picha mwanamme anapita katikati ya meza.

Wenye hoteli nao nina neno nao. Mnatumia udi wetu, kanga zetu, samadari zetu, mnaziita mapambo. Sawa, mmenunua. Basi mchana mmoja kwa wiki fungeni ngazi, wekeni mwanamke mlangoni, muwape wasichana wa mji huu chumba kwa bei ya watu wa mji huu. Wageni watakunywa kahawa chini siku hiyo, hawatakufa.

Na nyie mnaogombania mirathi sasa hivi, maana najua mpo, kila msiba una nyumba na kila nyumba ina mnunuzi: kabla hamjasaini, pandeni juu. Chukueni simu hizo hizo za kulilia, mpige picha vidaka, mhesabu boriti, mumuulize mkubwa aliyebaki nani alitolewa chumba gani. Kasha na samadari vithaminini, kisha mmoja wenu avichukue kwenye fungu lake badala ya pesa, nyote mkiridhia. Inawezekana, nimeona familia imefanya.

Biharusi wangu wa "ya zamani tu" nimemaliza naye. Tumepata nyumba. Ni ya mama yake mdogo, Malindi, orofa ya pili, vyumba viwili havikukaliwa muda mrefu. Juzi tulikwenda na ndoo na mifagio, wanawake wanane. Nyuma ya kabati la mbao laini tulikuta vidaka vitatu, kimoja kimezibwa magazeti. Popo wawili wametoka, watu wamepiga mayowe mpaka muuza ndizi chini akauliza kulikoni. Chokaa inapakwa Jumamosi. Hakuna mpiga picha mwanamme, hakuna kitambaa chenye taa. Mkeka upo, kahawa itatoka kwa muuza kahawa wa njia ile ile, na kashata anatia mama yake mdogo mwenyewe.

Tumekwama kwa vyetezo na mirashi, vya kuweka kwenye vidaka. Mwenye vya bibi yake na anakubali kuazima kwa siku mbili aniletee dukani kabla ya Alhamisi. Nitaviandika jina kwa kalamu chini ya kitako, na Jumatatu nitavirudisha mwenyewe kwa mkono wangu.